Namna ya Kuzika Prosesa Ingali Inapumua

Kazi yenyewe haimtoi mtu jasho. Unaingia kwenye mashine ya Linux ukiwa na mamlaka yote, unaandika sifuri ndani ya faili liitwalo online kwenye folda ya /sys/devices/system/cpu/cpu3, unabonyeza Enter, na prosesa ya nne imetoka kazini. Ni ya nne kwa sababu kuhesabu huanzia sifuri. Kama hilo tu limeshakukera, rudisha mwongozo huu ulikoutoa.

Umeuchukua kwa sababu mashine ya watu inaganda. Haigandi kila siku. Huzimwa na kuwashwa prosesa zake mara nyingi kwa amani, kisha usiku mmoja, kwa mteja na kamwe si mezani kwako, inanyamaza kabisa. Bosi anataka iwe imepona kabla ya Ijumaa, na ameuliza kwa upole, "Lakini si ni mstari mmoja tu?" Mjibu, "Ndiyo, bosi." Hujamdanganya. Mara nyingi huwa ni mstari mmoja kweli. Kinachokula mwezi ni kujua uwekwe wapi.

Utaulizwa pia ni nani mwenye akili timamu anayezima prosesa aliyoinunua kwa fedha zake. Mwambie ni yeye. Akifunika kompyuta mpakato inayolala ule usingizi mzito, ambao ndani yake kumbukumbu peke yake ndiyo hubaki na umeme, kerneli kwanza huzima prosesa zote moja baada ya nyingine na kubakiza moja ya kufunga mlango. Simu nyingi za Android za mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilizima na kuwasha koa zake mchana kutwa ili betri ifike jioni. Kwenye mashine kubwa za IBM na kwenye mashine pepe, prosesa huhamishwa kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine bila yeyote kuwasha upya chochote. Basi tuanze.

Amini ulichokiona

Kerneli huweka orodha kadhaa za prosesa: zinazoweza kuwepo, zilizopo, zilizo kazini, na zile ambazo mpangaji wa kazi ameruhusiwa kuzipa kazi mpya. Orodha nne kwa jambo ambalo wewe ungelimaliza kwa vidole ni urasimu mtupu. Chagua moja, ya zilizo kazini, uitumie kwa kila kitu.

Tuseme unataka jedwali lenye chumba kimoja kwa kila prosesa. Hesabu zilizo kazini, tenga vyumba hivyo, kisha ingia chumbani kwa namba ya prosesa. Mashine ya prosesa nne ambayo mwenyewe ameizima cpu1 itakuambia ziko tatu. Namba zake ni 0, 2 na 3. Vyumba vyako ni 0, 1 na 2. Ukiandika kwenye chumba cha 3 umeandika nyumbani kwa jirani. Jirani hatalalamika papo hapo. Ataanguka baadaye, akifanya shughuli isiyokuhusu kabisa, na jina litakalotajwa kwenye ripoti ya ajali ni lake. Hii ni faida ambayo miongozo mingine haiitaji.

Waoga hutumia nr_cpu_ids, yaani namba kubwa kabisa ambayo prosesa inaweza kuwa nayo, ukiongeza moja. Hupoteza baiti chache kwa kila prosesa isiyokuwepo. Waache na ubadhirifu wao.

Jedwali likikaa sawa, fanya ukaguzi. Uliza kama cpu3 iko kazini. Kerneli itasema ndiyo. Sasa pumzika: omba kumbukumbu, subiri kufuli la mtu, acha uzi wako utolewe kwenye prosesa ili wengine nao wapite. Ukirudi, itume cpu3 kazi ukae kitako kungoja jibu. Wakati ule ukipumzika, mtu ameshaandika sifuri yake. Jibu ulilopewa lilikuwa kweli lilipotolewa, na hapakuwa na yeyote aliyeahidi kwamba litabaki kweli.

Hapo ndipo mbio nyingi zilipo, yaani nyuzi mbili kugombea jambo moja bila kupangiwa nani atangulie. Karibu kila hitilafu ya uzimaji wa prosesa niliyowahi kuisoma ina mtu aliyeuliza, akajibiwa sawasawa, akaondoka na jibu bila kumshika mkono aliyejibu. Watakaokuambia dawa ni ujanja wamekudanganya. Dawa ni kujua jibu ni la nani, na nani anazuiwa kulibadilisha wakati wewe unalitumia.

Kuna kinga moja ya bure, na naitaja kwa shingo upande. Ili prosesa ifutwe kwenye orodha ya walio kazini, kerneli husimamisha mashine nzima. Kwenye kila prosesa huamshwa uzi mmoja wa cheo cha juu, unafunga katizi zote, yaani vifaa vikibisha hodi havijibiwi, na wote husubiri pamoja hadi inayoondoka ijitoe. Kwa hiyo ukikataza uzi wako usitolewe kwenye prosesa ulipo, kwa preempt_disable, ule wa cheo cha juu hauna pa kuingilia. Zoezi linakwama, na hakuna prosesa itakayotoka mpaka umalize shughuli yako. Bei yake ni maagizo machache ya mashine.

Ila kinga hiyo huzuia kutoka, haizuii kuingia. Kuwasha prosesa hakuhitaji kuisimamisha mashine. Ukihesabu mara mbili chini ya kinga hiyo hiyo ukapata tatu kisha nne, macho yako ni mazima.

Mwaka 2012 na 2013 palifanyika juhudi kubwa ya kuacha kuisimamisha mashine yote kwa ajili ya kuzima prosesa moja, kwa sababu kusimama huko kunaziumiza kazi zinazohitaji muda usioyumba. Viraka vilikuja kwa makumi. Kila mahali palipokuwa pakitegemea kinga ya bure, pengine bila mwandishi wake kujua kwamba anaitegemea, palipaswa kutafutwa na kuandikwa upya. Havikuingia. Mashine inasimama mpaka leo.

Gawa mirathi kabla ya kufa, au baada, popote utakapopenda

Waandishi wa kerneli wenyewe wamechagua lugha ya msibani. Wana hatua za inayokufa, wana hatua za iliyokufa, na kazi ya mwisho kabisa inayofanywa na prosesa inayozimwa inaitwa play_dead. Nami nitabaki hapo hapo msibani, maana sijaona pengine panapofanana zaidi na jambo hili: marehemu ana mali, ana madeni, ana watu waliokuwa wakimngoja, na kila mmoja amefika kwa wakati wake.

Mali zake ni hizi. Kuna vipima muda alivyoviweka, ambavyo lazima vilie hata kama yeye hayupo. Kuna vifaa vilivyozoea kubisha hodi kwake. Kuna kurasa za kumbukumbu alizozificha kwenye akiba yake binafsi ili asizifuate mbali. Kuna pakiti za mtandao zilizo kwenye foleni yake ambazo hakuna aliyezifungua. Kuna kazi alizoahidi kuzifanya akipata nafasi, na kuna maombi kutoka kwa prosesa wenzake waliosimama wakisubiri ajibu.

Utaratibu wa kisasa ni mrefu kidogo. Kwanza huondolewa kwenye orodha ya wanaopewa kazi mpya, na programu zilizo juu yake husukumwa kwa wengine. Uzi wake maalumu, uitwao cpuhp/3 kwa cpu3, hushuka ngazi moja moja ukibomoa kilichojengwa siku alipowashwa, kinyumenyume. Kisha mashine husimama. Akiwa amefunga katizi, anajifuta kwenye orodha, anahamisha vifaa vyake kwa wengine, anakabidhi vipima muda vya usahihi mkubwa, na mashine ikiachiwa anaangukia kwenye uzi wa kukaa bure na kulala jumla. Ni baada ya hapo ndipo aliye hai hupita akikusanya kilichosalia: zile kurasa, zile pakiti, vipima muda vya kawaida.

Sasa wewe una kitu chako ambacho kila prosesa hukimiliki kwake. Utakigawa hatua ipi? Mwongozo huu unapendekeza urushe shilingi. Wenye uzoefu watakuambia kwamba ukigawa mapema mno, marehemu mtarajiwa bado ana nguvu na atajipatia kingine baada ya wewe kuondoka. Ukichelewa mno, kuna anayekihitaji ili maziko yenyewe yaendelee. Wanatia chumvi, utasema. Basi sikiliza kisa cha vipima muda, ambacho kiko kwenye historia ya kerneli na yeyote anaweza kukisoma.

Linux ina namna ya kukipa kikundi cha programu mgao wa muda wa prosesa, na yeyote aliyewahi kuendesha kontena anaujua mgao huo hata kama hajui jina lake. Kikundi kikimaliza mgao husimamishwa, mpaka kipima muda kilie na kuufufua. Mwaka 2023 iligundulika kwamba programu inayosimamia uzimaji inaweza kuwa yenyewe iko ndani ya kikundi chenye mgao. Ilianza maisha kwenye cpu1, kipima muda chake kikawekwa huko, kisha ikahamia cpu2 na kuanza kuizima cpu1. Katikati ya zoezi mgao ukaisha. Ikasimamishwa ikingoja kipima muda, na kipima muda kiko kwa marehemu, na vya marehemu hugawiwa baada ya maziko, na msimamizi wa maziko ndiye huyo aliyesimamishwa. Ruhusa yake ya kuendelea kuchimba kaburi ilikuwa mfukoni mwa anayezikwa.

Walitibu kwa kuifanya kazi hiyo isimamiwe na uzi wa kerneli ulio kwenye prosesa nyingine, usiojua habari za mgao. Wakapumua. Mwaka huo huo akatokea mwingine: safari hii aliyesimamishwa si msimamizi bali mtu baki aliyekuwa ameshika kufuli, na msimamizi alilihitaji kufuli hilo ili apite ngazi inayofuata. Kipima muda cha kumfungua yule mtu baki kilikuwa, bila shaka umeshakisia, kwa marehemu. Basi mirathi ya vipima muda ikasogezwa mbele. Ikagawiwa na anayekufa mwenyewe, mashine ikiwa imesimama, kwa hoja kwamba hapo hakuna mwingine anayeweza kuweka kipima muda kipya kwake.

Hoja ilikuwa safi, na haikumhesabu marehemu. Kati ya hatua ile na usingizi wa mwisho yeye mwenyewe bado anaweza kumwamsha mtu, na kumwamsha mtu kunaweza kuanzisha kipima muda cha mgao, na kipima muda hicho kinaweza kuangukia kwake, ambako hakuna atakayekisikia tena. Mwanzoni mwa 2025 kikaja kiraka kingine: atakayeweka kipima muda akiwa kwenye prosesa iliyokwisha pita hatua hiyo, kipelekwe kwa nguvu kwa aliye hai.

Naona hao waliorekebisha ni miongoni mwa watu makini kuliko wote wanaoandika programu leo, na walihitaji mara tatu. Wewe una hadi Ijumaa. Rusha shilingi.

Ukiona mbio, funga kufuli. Zikiendelea, funga jingine

Kufuli la jambo hili lipo, na limebadilishwa jina kama mtu anayedaiwa. Zamani liliitwa lock_cpu_hotplug, kisha get_online_cpus, na tangu toleo la 4.13 la mwaka 2017 ni cpus_read_lock. Ukilishika kwa kusoma, hakuna prosesa itakayotoka wala kuingia. Anayetaka kuzima au kuwasha hulishika kwa kuandika, na husubiri wasomaji wote waachie.

Matumizi yake ni rahisi, na kwa miaka mingi watu waliyanakili hivi: shika kufuli, zungukia prosesa zilizo kazini uziandae moja moja, sajili kazi yako ili zitakazokuja baadaye nazo ziandaliwe, achia kufuli. Hakuna pengo kati ya kuandaa na kusajili. Hakuna prosesa itakayopenya katikati bila kuandaliwa, wala itakayoandaliwa mara mbili. Ukiisoma mara kumi utaisifu mara kumi.

Ila kusajili nako kulihitaji kufuli lake. Na anayezima prosesa alianza na hilo la kusajili, kisha akalifuata la kwanza. Wewe umeshika la kwanza unalitaka la pili. Yeye ameshika la pili analitaka la kwanza. Na hapo mtakaa mpaka mwenye mashine aje kuchomoa waya. Kiolezo hicho kilikuwa kimekwisha sambaa kwenye makumi ya sehemu za kerneli, kwa sababu kizuri huigwa. Mwaka 2014, kwa ajili ya toleo la 3.15, mhandisi mmoja alipita akikirekebisha kila kilipokuwa, sehemu moja baada ya nyingine. Ni kazi ya aina ambayo hakuna anayempa mtu tuzo.

Kilichofuata kilikuwa kikubwa zaidi. Hadi wakati huo, prosesa ilipozimwa kerneli ilipiga mbiu tu, na kila sehemu iliyojisajili iliisikia kwa zamu iliyopangwa kwa namba za kipaumbele. Kuzima hakukuwa lazima kufuate kinyume cha kuwasha, na zoezi likishindwa katikati, kurudi nyuma kulikuwa kubahatisha. Kuanzia toleo la 4.6 mwaka 2016, Thomas Gleixner na wenzake wakaanza kuiweka ile ngazi niliyoitaja: kila hatua ina namba, ina kazi ya kupanda na kazi ya kushuka, na unaweza kusimama katikati ukarudi ulikotoka. Kusajili na kuandaa zilizopo kukawa tendo moja. Kufikia 4.10 mbiu zote za zamani zilikuwa zimeondolewa. Kwa mtu anayependa vurugu huo ulikuwa msiba wa kweli.

Lakini usikate tamaa, kufuli bado linaweza kukusaidia kuganda. Lishike mara mbili. Kulisoma mara mbili kunaonekana hakuna ubaya, maana wasomaji hawazuiani, na kwa muda mrefu kerneli ilivumilia. Ubaya huja mwandishi anapopanga foleni kati ya usomaji wako wa kwanza na wa pili: yeye anangoja uachie la kwanza, wewe unangoja apite ndipo upewe la pili. Mabadiliko ya 2017 yalikomesha uvumilivu huo, na yakamruhusu lockdep, yule mpelelezi wa kufuli aliyeingia kerneli mwaka 2006, kuchungulia mahali ambapo awali hakuona kitu. Alikuta mengi. Ndiyo maana leo kuna kazi zenye majina kama stop_machine_cpuslocked na static_branch_enable_cpuslocked: ni zile zile za zamani, isipokuwa zinaamini kwamba kufuli tayari umelishika kabla ya kuziita.

Basi ukikwama ndani ya kufuli ulilolishika mwenyewe, nakili kazi yote, ongeza _cpuslocked mwishoni mwa jina, na ufute mstari mmoja. Hili silisemi kwa kejeli. Ndivyo inavyofanywa. Ukitaka kuonekana mtu mwema, weka ndani yake lockdep_assert_cpus_held ili mwenzako akiiita bila kufuli apigiwe kelele mapema.

Subiri kidogo

Hitilafu ikiendelea, weka kuchelewa kwa milisekunde moja. Wakikucheka, wafungulie fixup_irqs ya kerneli ya x86. Humo, kwa miaka mingi, prosesa inayoondoka imekuwa ikikaa milisekunde nzima bila kufanya chochote, kwa mdelay(1), ili katizi zilizokuwa njiani zifike. Kisha huchungulia rejista ya kidhibiti chake cha katizi, na ikikuta kifaa kilibisha hodi wakati wa mazishi, inampigia mrithi. Maelezo yaliyoandikwa pembeni yanakubali kwamba ingewezekana kuishi bila kusubiri huko, ila jumbe za ajabu ajabu zingeonekana.

Tofauti ni kwamba wao wakishasubiri wanakagua. Wewe unaweza kuacha kukagua. Milisekunde yako itapunguza hitilafu kutoka mara moja kwa wiki hadi mara moja kwa miezi mitatu, na miezi mitatu ni muda wa kutosha kuhamia kampuni nyingine.

Kuandika ujumbe kwa printk kuna tabia hiyo hiyo. Umeongeza mistari ya kuchunguza, na hitilafu imetoweka, kwa sababu kuchapa ujumbe kunachelewesha uzi mmoja kiasi cha kuziachanisha nyuzi zilizokuwa zikigongana. Iache hiyo mistari humo ndani. Isiwe wewe wa kuiondoa.

Hakikisha amekufa

Hapa wengi huzembea, hata wasio na haraka. Prosesa iliyozimwa kwa programu haijakatwa umeme. Imelala. Kwenye x86 hulala kwa mojawapo ya maagizo mawili: hlt, au mwait, ambayo huikodolea macho anwani moja ya kumbukumbu na kuamka pakiandikwa kitu hapo. Mwait huokoa umeme zaidi, kwa hiyo ndiyo iliyopendwa.

Kompyuta ikihifadhi hali yake yote kwenye diski na kuzimwa, siku ya kuamka huwashwa kerneli ndogo ya muda, ambayo huzilaza prosesa nyingine na kuanza kuirudisha ile picha ya zamani juu ya kumbukumbu. Kumbukumbu yote, ikiwamo anwani ile inayokodolewa macho. Marehemu anaandikiwa, anafumbua macho, na anataka kuendelea na agizo lililofuata, ila ukurasa lilikokuwa agizo hilo sasa una mambo mengine kabisa. Mwaka 2016 dawa ilikuwa kwamba wakati wa kuamka namna hiyo watumie hlt, wasikodolee macho chochote.

Kisa cha 2018 ndicho kinachonifurahisha zaidi, Mungu anisamehe. Ilipotangazwa kasoro ya prosesa za Intel iitwayo L1TF, wenye mashine nyingi walitaka kuzima nusu ya prosesa zao, yaani zile pacha zinazoishi ndani ya koa moja, na pakawekwa namna ya kuagiza hivyo tangu mashine inapowashwa. Njia iliyoonekana ya haki ilikuwa kutoziwasha kabisa. Haikuwezekana. Mashine hizo zikipata hitilafu kubwa ya vifaa hutangaza kwa prosesa zote, na pacha ambaye hajawahi kuwashwa hajaweka ile biti ya kupokea tangazo. Akilipokea hivyo hivyo, mashine nzima inazimika. Kwa hiyo kerneli humwamsha kila pacha mara moja, humfundisha kupokea habari mbaya, kisha humzima.

Kuhusu cpu0 sina mengi. Kwenye x86 palikuwa na ruhusa ya kuizima tangu toleo la 3.8 la mwaka 2013, na ikaondolewa kwenye 6.5 mwaka 2023, kwani haikuwa na matumizi nje ya majaribio. Ukitaka kuzima prosesa ya mwisho iliyobaki, kerneli itakujibu EBUSY, yaani ina shughuli, na kusema kweli hilo ni jibu la adabu kwa ombi hilo.

Majaribio

Yaepuke. Ndani ya kerneli kuna hati ya cpu-on-off-test.sh inayozima na kuwasha prosesa, na kuna rcutorture, ambayo unaweza kuiagiza ifanye hivyo mfululizo huku kazi nyingine zikisukumana. Ukiziendesha usiku kucha na lockdep ikiwa macho, pamoja na KCSAN iliyoingia toleo la 5.8 mwaka 2020 kwa ajili ya kunasa nyuzi mbili zinazogusa kumbukumbu moja bila kupatana, una hatari kubwa ya kukuta kitu. Ukikikuta, ni chako.

Zima prosesa moja mchana, mara mbili, ukiwa peke yako kwenye mashine, kisha andika kwamba imejaribiwa.

Kukabidhi kiraka

Kiraka kinahitaji maelezo. Chora safu mbili, moja kwa kila prosesa, na chini yake onyesha nani alifanya nini kabla ya nani. Mchoro huo huwezi kuuchora bila kuielewa hitilafu, kwa hiyo wenye haraka huandika tu kwamba wamerekebisha mbio. Mkaguzi atarudisha akiomba mchoro. Mwambie, "Shikamoo, kaka, nitautuma jioni," kisha ukae chini na karatasi. Kuna wengi ambao jioni hiyo, wakiwa katikati ya kuchora, waligundua kwamba walikuwa wamefunga kufuli kwenye faili ambalo halihusiki.

Chini ya maelezo huwekwa mstari wa Fixes, wenye herufi kumi na mbili za utambulisho wa badiliko lililoleta kosa, na jina lake. Ulitafute kwa git blame. Kuna uwezekano mzuri likawa la mtu aliyestaafu. Ongeza stable kwenye wanaonakiliwa ili kiraka kirudishwe hadi matoleo ya zamani ambayo mteja wako hataacha kuyatumia, na ukimaliza mpelekee bosi idadi ya mistari iliyobadilika. Ikiwa ni mmoja, atasema si alikwambia.